Kidole Ambacho Hukukitaja

Aalborg, 8 Januari 2014

Hallur,

Nimefika salama. Bahari ilichafuka baada ya Shetland, nusu ya abiria wakatapika, mimi nikala sahani mbili. Ile nyama kavu ya kondoo uliyonifungia nimeitundika kwenye roshani. Jirani wa chini amekwisha kuja kuuliza kama kuna mtu amefia huku juu.

Nina mambo mawili. Nayasema mara moja kwa sababu nikiyaweka yataniozea.

La kwanza ni ngoma ya siku ya pili ya Krismasi. Nilikuwa nimekushika mkono wako wa kulia. Utenzi haujafika hata katikati, ukauachia mkono wangu, ukatoka kwenye duara, ukaenda kuingia upande wa pili, kati ya Tummas wa dukani na mkewe. Kijiji kizima cha Skálavík kiliona. Kwetu mtu haachii mkono wa mwenzake katikati ya ubeti, labda awe amezimia au ukumbi unawaka moto. Mama mmoja nyuma yangu akasema, wala hakushusha sauti, "Haya, mwenzio kakukimbia." Nikaendelea kuimba. Ungetaka nifanye nini?

La pili ni glavu. Nilikufumia glavu za vidole kwa sufu ya kondoo wako mwenyewe. Siku ya kuondoka mpwa wako Billa akaniambia gatini kwamba mjomba wake amempa mumewe zawadi nzuri mno ya glavu. Alidhani nitafurahi.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na sita, wewe mgane wa sitini na tisa. Hatuna mkataba. Kama nimekuwa mzigo niandikie hivyo, nitaelewa. Ila usinikwepe. Nilikaa kituo cha simu za dharura hadi kustaafu, kazi yangu ilikuwa kusikiliza watu wanaokwepa.

Ningekupigia simu, lakini najua masikio yako uliyaacha kwenye vyumba vya injini za meli.

Sunnvør


Skálavík, 21 Januari 2014

Mpendwa Sunnvør,

Barua yako imechelewa kwa ajili ya upepo, feri haikuvuka karibu wiki nzima. Paa la banda la nyama liliinuka upande mmoja. Nimelifunga kwa kamba na mawe, linatosha hadi kiangazi. Kondoo wameshuka pwani wanakula mwani.

Kuhusu ngoma: mle ukumbini kulikuwa na joto. Nikaona nisogee upande wenye hewa.

Kuhusu glavu: zilinibana kidogo. Mume wa Billa ana mikono ya mtu wa benki, zikamkaa vizuri, nikaona zisikae bure.

Wewe si mzigo. Sijawahi kukuona mzigo. Sijui niliandikeje hilo vizuri zaidi ya hapa.

Mchungaji alikuja Jumapili, mara ya kwanza tangu Krismasi. Alihubiri kwa muda mrefu, nadhani alikuwa na akiba.

Hallur


Aalborg, 30 Januari 2014

Hallur,

Mlango wa ukumbi ulikuwa nyuma yetu. Wewe ulihamia upande wa jiko.

Glavu nilizipima kwa zile zako za zamani ulizosahau kwangu mwaka juzi. Haziwezi kubana ila kama mkono umebadilika.

Kazini, mtu akipiga akasema, "Si kitu, nimeteleza kidogo tu," huyo ndiye nilikuwa namtumia magari mawili. Kwa hiyo nimekaa nikaanza kukumbuka. Krismasi yote ulikunywa kahawa kwa mkono wa kushoto. Kanisani mkono wa kulia ulikuwa mfukoni, na wewe ndiye uliyekuwa unawafokea vijana kwa jambo hilohilo. Na siku ya kuondoka hukunipa mkono, ulinikumbatia. Nilifurahi hadi meli ilipofika bandari ya Hirtshals, Hallur. Sasa sijui kama ulinikumbatia mimi au ulikuwa unaficha kitu.

Mkono una nini?

S.


Skálavík, 11 Februari 2014

Mpendwa Sunnvør,

Nilikukumbatia wewe. Hilo kwanza.

Mkono wa kulia umeanza kujikunja. Kidole cha pete na kile cha mwisho. Kwenye kiganja kuna kamba ngumu chini ya ngozi, ukiibonyeza haiumi, na kamba hiyo inavivuta vidole ndani mwaka hadi mwaka. Sasa havinyooki hata nikivivuta kwa mkono mwingine. Vilianza wakati mke wangu Katrin alipokuwa hai. Yeye alisema niende kwa daktari, mimi nikasema baada ya machinjo ya Oktoba. Oktoba zimepita nyingi.

Nguvu ninayo. Kasia nalishika vizuri kuliko vijana, shida ni kuliachia. Nikinawa uso najichoma kidole jichoni. Wiki iliyopita mkono ulinasa mfukoni pale dukani nikashindwa kulipa, na Tummas akasema mbele ya foleni, "Angalieni, Hallur hata mfuko wake mwenyewe haumwachii hela!" Wanavyocheka wale. Kuna mwingine huniuliza kila asubuhi, "Mzee, bado umeshika kasia? Mashua si tulishaipandisha?" Namjibu namngoja yeye ajifunze kuvuta.

Mchungaji nilipompa mkono mlangoni kidole kikamkwaruza kiganjani. Alitazama kiganja chake, kisha akanitazama mimi. Toka siku hiyo ananiinamia tu kichwa.

Sasa umeelewa ya ngoma. Kila tulipopiga hatua kidole kilikuwa kinakukuna kiganjani. Hatua mbili, kinakuna, hatua moja, kinakuna. Nikafikiri: huyu mama ataona natongoza, hadharani, katikati ya utenzi wa vita, na watu wanaimba jinsi mfalme alivyokatwa kichwa. Nikatoka. Tummas nilimpa mkono huohuo, yeye akikunwa shauri yake.

Glavu nilijaribu kuzivaa asubuhi nzima.

Hallur


Aalborg, 19 Februari 2014

Hallur wangu,

Nilidhani unatongoza. Ndiyo maana sikuutoa mkono.

Nimecheka, kisha nimekasirika, nimekwenda kutembea hadi mfereji na kurudi, sasa naandika. Nimemuuliza daktari wangu. Anasema ugonjwa huo umejaa kwetu huku kaskazini, hasa kwa wanaume, unatembea kwenye ukoo, na haujatokana na kasia wala injini wala dhambi. Anasema pia jaribio lake ni rahisi: weka kiganja juu ya meza. Kikilala, ngoja. Kisipolala, nenda.

Kiweke mezani, halafu uende. Usiseme baada ya kondoo kuzaa. Kondoo wa kisiwa chenu cha Sandoy wamekuwa wakizaa tangu kabla yako.

Ukifika kwa daktari uliza mambo haya, na majibu uyaandike kwa mkono ule unaoandika: njia zipo ngapi, kila moja inarudisha nini, inaweza kuharibu nini, na ugonjwa ukirudi itakuwaje. Akae upande wa sikio lako zima.

Nakufumia glavu nyingine, zisizo na vidole vinne, mfuko tu na gumba. Nazo hizo ukimpa mume wa Billa, usiniandikie tena.

Sunnvør


Skálavík, 15 Machi 2014

Mpendwa Sunnvør,

Mfuko wa sufu umefika, naandika nimeuvua sasa hivi. Asante. Mkono umesahau kwamba ni majira ya baridi.

Nimetoka hospitali ya Tórshavn. Daktari wa mikono anaitwa Winther, msichana tu, vidole vyake ni vya baridi kama samaki. Mazungumzo yalikuwa hivi.

"Weka kiganja mezani."

Nikakiweka. Kikasimama kama daraja, panya angepita chini yake.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Juzi ya mwaka gani, mzee?"

Nikampenda hapohapo. Akapima pembe kwa chombo kama cha fundi seremala, akaandika.

Njia ni tatu. Moja ni sindano tupu: wanatia ganzi kidogo, wanaichomachoma ile kamba chini ya ngozi mpaka inadhoofika, kisha wanakivuta kidole na kamba inakatika. Anasema mlio unausikia hata kiziwi. Ya pili ni dawa inayodungwa ndani ya kamba ikaiyeyusha, lakini hiyo ningetakiwa kuja huko Denmark, wadunge siku moja, wanyooshe siku nyingine, na mkono unavimba na kuwa mweusi. Ya tatu ni kisu: wanapasua kiganja na kuitoa kamba yote.

Kidole cha pete kimejikunja pale chini kwenye kiganja, na hicho anasema kinafaa kabisa kwa sindano. Asubuhi moja tu, naondoka na plasta, jioni nimevuka na feri. Kujikunja kunaweza kurudi mapema kuliko kwa kisu, basi kukirudi wanachoma tena.

Nimechagua sindano. Ni tarehe 6 Mei. Kwa hiyo jambo limekwisha na huna haja ya kulifikiria.

Mvua imekuwa nyingi. Viazi vya mbegu nimevitoa.

Hallur


Aalborg, 24 Machi 2014

Hallur,

Umeandika vizuri sana, ningekuajiri. Ila vidole vilivyojikunja ni viwili. Cha pete umekieleza mpaka pembe yake. Kidole cha mwisho hukukitaja hata mara moja.

Alisema nini juu ya kidole cha mwisho?

Na swali jingine, ambalo kazini tuliliuliza kabla ya kukata simu: nani yuko nyumbani na wewe?

Sunnvør


Skálavík, 4 Aprili 2014

Sunnvør,

Kidole cha mwisho kimejikunja pale katikati, kwenye kifundo cha pili. Alisema hivi: "Hicho sindano haitakifanyia jambo la maana. Hicho kinataka kisu, na kinataka mwaka huu. Kile kifundo kikizoea kukaa hivyo, mwakani kisu hichohicho kitakunyooshea nusu tu." Nikamwuliza kuhusu kisu. Akasema mishipa ya fahamu imejizungusha kwenye ile kamba, kwa hiyo anakata polepole, na bado ncha ya kidole inaweza kubaki na ganzi. Kidonda kinachukua wiki kadhaa. Mazoezi kila siku. Na usiku kuna banzi la mbao la kufunga mkono ukiwa umenyooka, miezi kadhaa, kila usiku.

Kisha akauliza swali lako. Labda mlisoma shule moja.

"Nani yuko nyumbani?"

"Nina mpwa wangu upande wa pili wa kijiji."

"Sikuuliza upande wa pili. Wiki za kwanza hutaweza kufunga kifungo cha suruali, hutamenya kiazi, hutajiosha mgongo. Nani yuko nyumbani?"

Nikamwambia nachukua sindano.

Sasa nitakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu. Baba yangu alikuwa na ugonjwa huu mikono yote miwili. Wakati huo hakuna aliyekwenda kwa daktari kwa sababu ya kidole. Mwishowe vilijifunga kabisa, kucha zikawa zinaingia kwenye kiganja. Kila jioni mama alichukua kijiko cha mti, akakizungushia kitambaa, akaviinua vidole kimoja kimoja ili aoshe ndani. Hakulalamika hata siku moja. Mimi nilikaa mezani nikitazama mgongo wake na nikajua amechoka, na baba naye alijua, na hakuna aliyesema.

Wewe ulimuuguza mumeo Preben miaka tisa baada ya kiharusi. Krismasi, tulipokuwa tunamenya viazi kwangu, ulinyoosha mikono yako juu ya beseni ukasema, "Sasa nina mikono yangu tena." Hukusema kwa nguvu, lakini ulikuwa upande wa sikio langu zuri.

Sitakupa mikono mingine ya kuosha. Ukija kiangazi, nataka umkute mtu wa kukupokea mzigo gatini, si mtu wa kufungwa vifungo. Sindano itanipa kidole kimoja. Kimoja kinatosha kwa mtu wa umri wangu.

Hallur


Aalborg, 14 Aprili 2014

Hallur,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nakujibu bila kupamba.

Ni kweli nilisema vile. Nilisema kwa sababu nilikuwa nimekaa miaka tisa ndani ya jambo ambalo sikuulizwa. Si kosa la Preben. Asubuhi moja aliinuka akiwa na maneno, jioni hakuwa nayo. Hospitali walinikabidhi karatasi na kiti cha magurudumu, wakanipungia mkono. Nilimwosha, nilimlisha, nilimpenda, na ningefanya tena. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kunitazama akasema, "Sunnvør, utaweza? Unataka?" Kilichonichosha mimi ni hicho. Kuosha kunachosha mgongo, na mgongo hupona.

Sasa wewe, mwenye ulimi wako mzima, umefanya vilevile kwa upande mwingine. Ukumbini uliamua kwamba nitachukia kukunwa kiganja. Kwa daktari uliamua kwamba sitafunga kifungo. Mara zote mbili umeniamulia, na mara zote mbili hukuniuliza. Kwa upole kabisa, naujua upole wako, lakini hukuniuliza.

Mama yako naye ungeweza kumwuliza. Labda angekuambia amechoka. Labda angekuambia kwamba jioni ile na kijiko ndiyo saa pekee baba yako alipotulia akaongea naye. Mimi sijui. Wewe pia hujui.

Mkono ni wako. Kama unataka sindano kwa sababu unaipenda sindano, kwa sababu unaogopa ganzi ya ncha ya kidole, kwa sababu hutaki kukosa msimu, hizo ni sababu za mtu mzima, na nitakuja kiangazi nitazame kidole kimoja kilichonyooka na nitafurahi. Kama unaichukua ili nisichoke, basi ujue kwamba sikukuomba kidole, na huna ruhusa ya kukitoa kwa jina langu.

Na hilo la "mtu wa umri wangu." Baba yako alifika themanini na nane. Una miaka ishirini ya kushika vikombe. Chagua mkono wa miaka ishirini au chagua mkono wa mwaka mmoja, lakini chagua ukiwa unajua ni upi.

Sitaandika tena mpaka uniulize kitu.

Sunnvør


Skálavík, 8 Juni 2014

Mama Sunnvør,

Mwandiko huu si wa mjomba, ni wangu, Billa. Yeye amekaa kwenye kiti cha dirishani, mkono wake umeinuliwa juu ya mto kama wa askofu, na anasema niandike anachosema na nisiongeze. Naanza.

Sunnvør, natumaini u mzima. Hali ya hewa ni nzuri. Kondoo wamezaa vizuri, isipokuwa mmoja.

(Nimemwambia: mjomba, mama wa watu amekaa karibu miezi miwili bila barua, unamwanzia na kondoo? Amesema niandike.)

Barua yako ya Aprili niliipokea. Niliibeba kwenye mfuko wa kushoto. Mwisho wa mwezi nilimwambia Billa ampigie daktari Winther kwamba sindano sitaki tena, nataka kisu, kwa vidole vyote viwili. Daktari akasema, "Nani yuko nyumbani?" Billa akasema, "Mimi nipo, mpaka mwenyewe atakapoacha ukaidi."

(Hilo nilisema kweli.)

Nilipasuliwa tarehe 27 Mei. Walitia ganzi mkono wote kutoka kwapani, ukawa mkono wa mtu mwingine uliolala karibu yangu. Nilikuwa macho. Kulikuwa na pazia, nikawa nasikia tu. Daktari alikuwa akiongea na msaidizi wake juu ya kupaka rangi ukuta wa jikoni. Nikasema, "Mama, tazama mkono wangu, siyo ukuta wako." Akasema, "Mzee, ukuta nauona kwa mdomo, mkono nauona kwa macho."

Kidole cha pete kimenyooka kabisa. Kidole cha mwisho kimenyooka karibu chote, bado kimeinama kidogo kama mtu anayesalimia. Upande mmoja wa ncha hausikii. Anasema huenda ukarudi, huenda usirudi. Kidonda kinakwenda kwa zigizaga kutoka kiganjani hadi kidoleni. Sikukipenda mara ya kwanza nilipokiona.

(Alizimia. Muuguzi alimshika kwa kola.)

Sikuzimia, nilikaa chini.

Mazoezi nafanya mara nyingi kwa siku, yanauma, sitakudanganya. Banzi la usiku lina mikanda. Usiku wa kwanza nilijaribu kulifunga mwenyewe kwa meno. Nikalifunga kichwa chini, nikaamka mkono umevimba. Tangu hapo Billa anatembea kijiji kizima kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, kunifunga kama mtoto mchanga. Anaosha pia. Anamenya viazi, maganda manene.

(Kahawa yangu imekwisha. Nimemwambia, mjomba, sema, mkono umeniuma kuandika. Amesema, "Haya mengine siwezi kuyasema mbele yako." Nimemwambia nimezaa watoto watatu, nimeshasikia yote. Amesema toka nje kaangalie kuku. Mjomba hana kuku. Natoka. Karatasi namwachia, na kalamu, na mkono wake wa kushoto, tuone. Salamu nyingi, na nakuomba radhi kwa maneno ya gatini juu ya glavu, sikujua. Billa.)

Sunnvør. Kushoto siwezi kuandika. Vumilia.
Nauliza.
Utakuja kukaa? Si kiangazi. Kukaa.
Si kwa mkono. Mkono Billa anauweza.
Utaweza? Unataka?
H.


Aalborg, 17 Juni 2014

Hallur,

Ndiyo kwa la kwanza, kwa la pili na kwa la tatu. Haya yanayofuata ni ya utaratibu tu.

Nakuja na meli ya wiki ijayo, kisha feri ya jioni hadi gati la Skopun. Billa nimemwandikia kando, usimwulize nimeandika nini. Mwambie kuanzia siku hiyo alale kwake mapema.

Nyumba hii nimeikabidhi kwa wapangaji, mume na mke wenye mtoto na piano. Jirani wa chini bado hajui. Masanduku yalikuwa tayari tangu Mei. Hilo sikukuandikia, maana ungedhani nakusukuma, na mimi nilitaka kusikia swali kabla ya kubeba kitu. Kwa hiyo siyo wewe peke yako unayeficha.

Barua ya mkono wa kushoto nimeisoma yote. "Unataka" nilidhani ni mchoro wa kondoo, halafu nikaona.

Ncha isiyosikia usiiweke karibu na jiko. Mazoezi usiyapunguze siku ninayofika ili uonekane umepona. Nitajua.

Gatini sitaki unibebee mzigo wowote, kuna vijana. Wewe nishike tu, kwa mkono wowote utakaopenda.

Jambo la mwisho, na hili nimelifikiria zaidi ya yote. Tangu nilipoolewa nimelala upande wa kulia wa kitanda. Banzi lako liko mkono wa kulia, na sina nia ya kuamshwa kwa mbao usoni mpaka Krismasi. Basi wewe chukua kulia, mimi nahamia kushoto. Usianze kunihurumia kwa hilo. Nimejiuliza mwenyewe, na nimekubali.

Sunnvør